Siku Baba Alipoonekana kwenye Televisheni

Mara ya kwanza nilipomwona baba yangu kwenye televisheni, alikuwa anacheka, mkono wake wa kulia ukiwa juu. Kabla jua halijashuka siku hiyohiyo, mkono ule ulikuwa umevunjwa kwa mguu wa benchi, na sikio lake moja lilikuwa limekufa. Watoto wangu huniuliza kwa nini nazima televisheni kila wanasiasa wanapoanza kuonyeshwa. Huwa nawaambia macho yananiuma. Macho yangu ni mazima.

Ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, tulipokuwa bado tunahesabiwa Mkoa wa Rukwa, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa unakaribia. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, naishi kwa dada yangu. Mume wa dada, shemeji yangu, alikuwa na banda la video: kuta za matofali ya udongo, mabati juu, magunia madirishani ya kuzuia mwanga. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki ya kanda na benchi za mbao. Nje lilinguruma jenereta. Mimi niliuza chai na maandazi pale mlangoni.

Tulionyesha picha za ngumi tu. Mateke, mapanga, watu kurushwa madirishani. Watazamaji walitoka wakijaribiana mateke waliyoyaona, na mara nyingi mchezo uligeuka kuwa kweli: jino likang'oka, shati likachanika, mtu akalala kwenye vumbi wenzake wakimhesabia kama refa. Shemeji alikuwa na kipande cha waya mnene wa umeme, akawachapa wote bila kuuliza nani kaanza. Sikuona ajabu. Nyumbani tulichapwa, shuleni tulichapwa, walevi walichapana sokoni kila mwisho wa wiki. Wapo wanaosema televisheni ndiyo iliyotuharibu. Mimi nasema kupigana tulikuwa tunajua tangu zamani. Televisheni ilituzoesha kukaa kwenye benchi na kufurahia.

Vyama sitavitaja. Vile viwili vilivyokuwa na nguvu mtaani kwetu vyote vilikuwa na vijana wa rungu, na vyote viliwaita vijana wao walinzi. Mkubwa wa vijana wa upande mmoja alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli. Kibanda chake kilitazamana na meza yangu. Alikunywa chai yangu kila asubuhi na kuniita dada, ingawa alinizidi umri. Kampeni zilipopamba moto akawa anakuja na wenzake, wakiwauliza wateja wangu ni wa upande gani hata kabla hawajakaa. Muuza mitumba mmoja akajibu kwamba yeye ni wa upande wa tumbo lake. Fundi alimpasua mdomo kwa kikombe changu. Nilikiokota, nikakiosha, nikaendelea kuuza.

Baba alifika kutoka Inyonga wiki ile ile, juu ya lori la tumbaku, na madebe yake ya asali. Alikuwa Mkonongo wa msituni, mrina asali tangu ujana, mtu wa kelele na majivuno kidogo, mpenda kuonekana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona watu wanakimbia? Kuna moto?"

"Mkutano, baba. Kuna mgombea katoka Dar."

"Twende basi. Asali haiozi."

Tukaenda kwenye kiwanja cha mpira. Ulikuwa mkutano wa upande ule ambao fundi baiskeli aliuchukia, lakini mji mzima ulikuwa pale, maana mgombea alikuja na mpiga picha aliyebeba kamera begani, na hakuna aliyewahi kuiona kamera ya namna ile. Mgombea alikuwa na kitu kingine tena, simu ya mkononi, nene kama tofali, yenye antena.

Akauliza kwa kipaza sauti, "Nani hapa kijijini kwake hakuna maji? Nyoosha mkono nikuone!"

Mikono ikapanda. Baba akanyoosha wake, huku akicheka kwa sababu mzee wa pembeni yetu alinyoosha yote miwili akakaribia kuanguka. Kamera ilikuwa inatupitia wakati huohuo.

Mgombea akaiweka ile simu sikioni. "Haloo? Ndiyo, mheshimiwa. Niko na wananchi wa Mpanda, hawana maji. Eeh. Mitambo? Wiki ijayo? Ahsante sana." Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Baba alinishika bega akasema, "Haina hata waya!"

Miaka mingi baadaye, minara ilipojengwa na mimi nikanunua simu yangu, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Mpanda nzima haikuwa na mtandao. Yule bwana alikuwa anaongea na plastiki. Simu naipenda, imenisaidia mengi, lakini mkubwa akiiweka sikioni mbele yangu na kusema anashughulikia shida yangu, huwa namwambia, "Nipe na mimi nimsikie huyo." Wengi hukasirika.

Watu wa mgombea walimwachia shemeji kanda ya mkutano pamoja na petroli ya jenereta, aionyeshe Jumamosi mchana, bure. Dada alimwonya. Alisema, "Wewe onyesha ngumi zako. Hayo ya vyama waachie wenyewe." Shemeji akamjibu kwamba petroli haina chama.

Jumamosi banda lilifurika. Watu walikaliana mapajani, wengine wakachungulia juu ya magunia. Baba alikuwa amekaa benchi ya mbele, kanzu imefuliwa. Alichelewesha safari ya Inyonga kwa ajili ya siku hiyo.

Kanda ilipoanza, nilisikia furaha ambayo sijaisikia tena. "Yule mimi! Yule mimi!" Mama mmoja alilia machozi kwa kumwona mwanawe mgongoni mwake mwenyewe. Niliacha meza nikaingia kutazama, birika la chai mkononi.

Ndipo fundi baiskeli alipoingia na vijana wake. Hawakukaa. Walisimama ukutani na marungu, wakatazama kimya, na banda likapoa taratibu kama maji yaliyoondolewa jikoni.

"Rudisha nyuma," fundi alimwambia shemeji. "Hapo. Simamisha."

Shemeji akabonyeza. Picha ikasimama ikitetemeka, na sauti ikakatika. Kwenye kioo palikuwa na uso wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mdomo wazi.

"Huyo juzi alikula pilau ya chama chetu."

Wakamfuata alipokuwa amekaa. Alijaribu kupita chini ya benchi, wakamvuta miguu, wakampiga mgongoni na kiunoni, na kila rungu liliposhuka lilitoa sauti kama mtu anapopiga godoro. Watu wakaanza kung'oa magunia madirishani. Shemeji akazima deki. Kijana mmoja akamwekea rungu kooni. "Washa." Akawasha.

"Simamisha."

Safari hii alikuwa baba. Anacheka, mkono juu, vidole vimetanuka. Ukiitazama picha ile bila sauti, ungeapa kwamba mzee yule amekula kiapo cha chama na yuko tayari kufa kwa ajili yake. Swali la maji halikuonekana popote.

Na baba, Mungu amrehemu, hakuwa ameelewa. Alidhani wanampiga fundi cherehani kwa ugomvi wao. Alisimama, akageukia watu, akasema kwa sauti ya kujivuna, "Ni mimi huyo!"

Rungu la kwanza lilimpata sikioni. Hakuanguka. Alimkamata aliyempiga shingoni, kwa mikono ile iliyozoea kushika matawi, wakaanguka wote wawili juu ya televisheni, kioo kikapasuka kwa mlio uliotufanya wote tufikirie bunduki. Fundi baiskeli akang'oa mguu wa benchi. Niliuona ukipanda. Baba aliinua mkono kujikinga, nikasikia mfupa.

Nilikuwa nyuma ya fundi. Nilifungua mfuniko wa birika nikammwagia chai yote shingoni. Ilikuwa imetoka kuchemka. Ngozi ilibabuka palepale, akapiga yowe na kuangusha ule mguu wa benchi. Kijana wake akanipiga kofi la mdomo, nikaonja damu, nikampiga kwa birika tupu usoni mpaka likabonyea. Shemeji alikuwa amepata waya wake. Alichapa mbele na nyuma kama mtu anayefyeka majani, akilia huku anachapa, mpaka tukapata njia ya mlangoni.

Nje, ng'ambo ya barabara, alisimama mgambo mmoja aliyekuwa amepewa redio ya mkononi kwa ajili ya kampeni. Alikuwa ameiweka mdomoni. Nilimpigia kelele aje. Alinionyesha kidole, nisubiri, akaendelea: "Nasikiliza, ova. Nasubiri maelekezo, ova." Tulimpakia baba kwenye baiskeli ya mteja, mkono unaning'inia, damu inachuruzika kutoka sikioni hadi kwenye kanzu, tukampita mgambo pale bado anasubiri maelekezo.

Hospitali walimfunga mkono. Sikio walisema limekwisha.

Siku iliyofuata wakaja watu wa mgombea, na yule mpiga picha. Walileta soda na biskuti, wakasimama mguuni pa kitanda wakipanga taa yao. Mmoja alizungumza kwa heshima nyingi.

"Pole sana, mzee wetu. Damu yako haitapotea. Hebu ugeukie huku, uonyeshe hilo jeraha, kisha useme waliokufanyia ni chama gani."

Baba alimtazama mpiga picha. "Ni wewe uliyenipiga ile ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

Baba akachukua chupa ya soda kwa mkono wa kushoto, akairusha. Ilipita karibu na kamera, ikapasukia ukutani. Wagonjwa wengine wakapiga makofi. Niliwasukuma wale watu hadi mlangoni, na yule mwenye heshima nyingi akaniita mjinga nisiyejua manufaa yangu.

Jioni ile kibanda cha fundi baiskeli kilichomwa moto. Vijana wa upande wa pili walikimbia mtaani wakiimba kwamba wamelipa kisasi cha mzee wa asali. Walipita mlangoni kwetu kushangilia, wakitaka shemeji atoke awashukuru. Dada ndiye aliyetoka, na mchi.

Baba aliporuhusiwa, hakutaka tupite njia nyingine. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye majivu, shingo imefungwa kitambaa, akichambua rimu zilizopinda. Nilikuwa nimebeba birika lilelile lililobonyea, nikalishika vizuri.

"Umeniumiza, kijana," baba alisema.

Fundi hakuinuka. "Kanda ilikuonyesha, mzee."

"Kanda ilikuonyesha nasema nini?"

Fundi aligeuza rimu moja, akaiweka pembeni.

"Niliulizwa kama nina maji. Kwetu hakuna maji. Wewe kwenu yapo?"

"Hapana," fundi alijibu.

Nilitegemea baba aseme neno la kusamehe, kama wazee wanavyosimuliwa. Hakusema. Alikohoa, akatema mate kwenye yale majivu, karibu kabisa na mguu wa fundi, tukaondoka. Njiani aliniambia kwamba kama angekuwa na mkono mzima angemrudishia. Nilimwamini.

Fundi alipanda treni kabla ya uchaguzi, hatukumwona tena. Fundi cherehani alipona, ila alitembea ameinama. Shemeji hakununua televisheni nyingine. Aliuza deki, akafunga mashine ya kusaga mahindi kwenye jenereta lile, na banda likajaa wanawake wenye ndoo. Hata pale waligombana kuhusu foleni. Lakini waya wake alikuwa ameutupa, akawa anazima mashine mpaka wanyamaze.

Mimi nilimsindikiza baba Inyonga, nikakaa naye hadi siku ya kura, kwa kuwa hakuweza kujivalisha. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Kijana mmoja aliyetuona alitusogelea, sauti tamu.

"Babu, mkono mbovu huo. Ukiingia mle ndani, acha nikusaidie kuweka alama."

"Wa kushoto upo," baba alisema.

"Ni kukusaidia tu."

"Sogea, nisije nikakupiga nao."

Watu kwenye foleni walicheka. Aliingia peke yake, akakawia sana, mpaka msimamizi akaanza kunung'unika. Alipotoka nilimuuliza amempa nani. Aligeuza kichwa kuniletea sikio zima, nikarudia swali. Akaniambia twende tukale, ana njaa.