Pazia la Maua Lilivyomeza Vidole vya Mwalimu

Saa kumi jioni, mwalimu wa viziwi anapanda kiti na kushusha pazia la maua sebuleni kwake. Ukuta unabaki mweupe, mtupu. Amevaa blauzi nyeusi isiyo na pambo lolote. Anaegemeza simu kwenye birika, anafumba macho na kuomba kidogo.

"Leo naomba mambo mawili," anasema. "Vidole vyangu vionekane. Na yule mtoto akubali kunitazama."

Wanafunzi wake kumi na mmoja wanaishi sehemu mbalimbali, hivyo hukutana naye darasani Jumamosi moja tu kwa mwezi. Siku nyingine mwalimu hujirekodi akifundisha kwa ishara, kisha hutuma video kwenye simu za wazazi.

Simu yake ni ya zamani. Kuipunguza video uzito ili itumwe bila kuharibu picha huchukua nusu saa, na simu huchemka mpaka wakati mwingine hujizima. Basi akawa anabonyeza palipoandikwa "haraka". Dakika mbili, kazi imekwisha.

"Nilijiona mjanja," anasema, macho yakiwa sakafuni.

Jumamosi iliyopita, binti wa miaka tisa alisimama mbele ya wenzake kuonyesha alichojifunza. Ishara zote alizitoa vidole vikiwa vimegandana. Mwalimu akamwambia kwa mikono: mvivu wewe, umevaa soksi mikononi? Darasa zima likacheka.

Binti akatia mikono mfukoni. Mama yake anasema tangu siku hiyo hajaitoa kumwambia mtu neno.

Mama huyo ndiye aliyemfuata mwalimu mlangoni na simu. "Mwalimu, hebu jione mwenyewe."

Akajiona. Maua ya pazia yalikuwa yakipepea, unaweza kuyahesabu. Mikono yake ilikuwa mabonge mawili ya ukungu.

"Mtoto aliniiga mimi, vilevile alivyoniona," anasema. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Jirani yake, fundi simu anayeitwa Daktari kwa kufufua simu zilizokufa, hakumwonea haya.

"Dada yangu, ukiiharakisha simu, nayo inalipua kazi. Kila ua likitikisika, inabidi ilichore upya. Ikifika kwenye vidole, hoi!"

"Sasa nifanyeje? Ninunue mpya?"

"Mpya ya nini? Iondolee hiyo bustani yako. Halafu iache ifanye kazi taratibu."

Sasa anarekodi. Ishara ni chache, za polepole: nisamehe, kosa halikuwa lako, ni langu. Hamtumii binti peke yake. Anawatumia wote, kwa kuwa wote walicheka.

Hagusi "haraka". Analaza simu kwenye sakafu ya saruji ipate ubaridi, naye anakaa chini kando yake kusubiri.

"Jumamosi yetu ijayo nitaanza mimi kusimama mbele," anasema. "Wanicheke wanavyotaka. Mimi nataka tu atoe mikono mfukoni."