Ndege Kwenye Shati la Mtoto

Kila Nthoki anapofungua beli la mitumba pale soko la Gikomba, kwanza huwinda kombati. Suruali yenye madoadoa ya kijeshi, hata kofia, huikatakata papo hapo, kwa sababu raia akishikwa nayo atalala ndani. Mimi Asenath, ambaye nimeuza shuka kando yake tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi, nakuambia hakuna jicho kali kama lake katika mstari wetu. Na jicho hilohilo likapitisha vita vyenyewe, kwa kuwa vilikuja vimevaa hariri.

Lilikuwa vazi la mtoto kutoka Japani, mikono mipana, kitambaa laini ajabu. Lilichapwa ndege ndogo, magari, na bendera nyeupe zenye duara jekundu. Nthoki alicheka. Alisema ni vitu vya kuchezea, akalifumua, akamkatia mjukuu wake shati la kuvaa akiwekwa wakfu kanisani Jumapili. Lilitoka zuri, siwezi kudanganya. Nililisifu mimi mwenyewe.

Baba wa mtoto huyo, Kimanzi, alikuwa mwana wa pekee wa Nthoki. Alikuwa mwanajeshi, akauawa mpakani mimba ya mkewe ikiwa bado changa. Nilienda kwenye mazishi huko Kitui. Kwetu Butere, msiba usio na kilio ni mkutano wa chama tu. Tunalia mpaka kijiji cha pili kijue. Lakini pale alisimama Munyoki, shemeji yake Nthoki, mzee wa kanisa, mtu anayependa maikrofoni kuliko chakula. Akatangaza kwamba mama wa shujaa halii. Nthoki akameza kilio chake. Mutheu, mjane wa Kimanzi, naye akameza chake. Nilimchukia Munyoki siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Baadaye Munyoki akamhamisha Mutheu na mtoto, wakakae kwake Buruburu. Shati lilipokamilika, Nthoki alilipeleka huko.

Kesho yake Ilwad akapita. Ana duka Eastleigh, na huchagua kwetu vitambaa vya zamani vya kuwauzia watu wa ng'ambo mtandaoni. Aliyaona mabaki ya hariri mezani, akayageuzageuza, uso ukambadilika.

"Mama Kimanzi, hii umetoa wapi? Walahi, hii ni ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili."

"Vita gani? Si ni ndege za watoto kuchezea?"

"Hizi ni za kuangusha mabomu, mama. Serikali ya Japani ilihubiri kwa redio, ikahubiri shuleni, mpaka wenye viwanda wakachapa vita kwa nguo za watoto wachanga. Kijana anavishwa hivi, anapelekwa kuombewa, akue akijua kazi yake ni kumfia mfalme. Na akikufa, mamake anaambiwa asilie mbele ya watu. Ashukuru."

Nthoki aliketi juu ya beli. Nilidhani ameugua.

"Waliambiwa wasilie?"

"Eeh."

"Nao wakakubali?"

Nthoki akatoa simu, akampigia Munyoki hapo hapo, akamweleza yote na kumwomba mtoto asivishwe lile shati. Kicheko cha Munyoki tulikisikia hata sisi.

"Sasa hiyo si ndiyo vizuri? Mtoto wa mwanajeshi avae nini, maua? Jumapili nitamwinua mbele ya kanisa lote, tumtoe kwa taifa kama babake."

"Usimtoe, shemeji. Huyo si wako wa kutoa!"

Simu ilikuwa imekatwa.

Jumapili nikaenda na Nthoki, ingawa si kanisa langu. Mchungaji alipomaliza kuomba, Munyoki alinyakua maikrofoni, akamwinua mtoto juu ndani ya lile shati.

"Kimanzi alijitoa. Huyu naye tunamtoa! Kuanzia leo ni askari!"

Watu wakapiga makofi. Watu wazima, wenye akili zao, wanampigia makofi mtoto asiye na jino anayepelekwa kufa! Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja. Nthoki alikuwa ameshafika mbele.

"Nipe mtoto."

"Shemeji, keti. Watu wanaangalia."

Alimnyang'anya. Akaanza kufungua vifungo, akaona anacheleweshwa, akavuta. Hariri ile kuukuu ikachanika mpaka kwapani. Mtoto akabaki na nepi, anapiga mayowe.

"Mama wa shujaa hana tabia kama hizi," Munyoki akasema, maikrofoni bado mdomoni.

"Mimi si mama wa shujaa! Mimi ni mama wa Kimanzi, na Kimanzi wangu amekufa!"

Hapo kilio kikamtoka. Kilikuwa kilio cha mazishi hasa, cha mtu aliyesimama ukingoni mwa kaburi, na kilijaza kanisa lote. Munyoki akawaashiria wanakwaya waimbe. Hakuna aliyefungua mdomo. Mutheu akainuka kitini, nami nikasema basi, anakuja kumpokonya mtoto na kuondoka zake. Alipofika alimkumbatia mama mkwe wake pamoja na mtoto, akaanza kumlilia mume wake kwa jina.