Nilichora Uso Alioniomba Niufiche

Nimekosa. Sitazunguka mbuyu wala sitamsingizia shetani. Mkono ulioharibu ni huu wangu, na ninyi msionijua ndio pekee ninaoweza kuwaambia.

Mimi ni mwanamke wa Lodwar. Kazi yangu ni kupiga kopi na kuchapa barua katika kibanda karibu na stendi, lakini moyo wangu uko kwenye manga, zile hadithi za michoro za Kijapani, nyeusi kwa nyeupe, watu wenye macho makubwa. Kupata vifaa huku kwetu ni vita! Kalamu ya nibu, ile ya ncha ya chuma ya kuchovya wino, niliagiza Nairobi, ikaja na basi. Ukifungua kichupa cha wino, joto linaukausha kwenye nibu kabla hujamaliza nyusi moja. Karatasi nzito ukiiacha mezani, upepo unaipaka vumbi, kazi imeharibika.

Rafiki yangu nitamwita Achol. Si jina lake. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anauza chai Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, na kumlea binti yake wa miaka sita. Tulikutana Kakuma, kwenye ukumbi wa kanisa ambako wachoraji tulikuwa tunakusanyika Jumamosi. Mimi nilikuja na mfuko mzima wa vifaa. Yeye alikuja na kipande cha mkaa wa mathenge, ule mti wa miiba uliojaa huku kwetu, amekifunga kwenye kitambaa.

Akanicheka! "Dada, wewe una kalamu mingi, lakini watu yako hawana damu."

Akausaga ule mkaa ukawa unga. Akasokota karatasi ikawa kama kijiti, akachovya, akasugua polepole chini ya shavu la mtu niliyemchora. Jamani! Uso ukainuka kutoka kwenye karatasi. Siku hiyo ndiyo nilijua kivuli ni nini. Nikamfundisha wino na nibu, yeye akanifundisha nyuso. Mwaka mzima tuliishi hivyo.

Jumamosi moja, tukichonga penseli, akanipa siri yake. Mume wake alikufa. Shemeji akasema mke na mtoto ni wa ukoo, ng'ombe wa mahari walishatolewa. Achol alipokataa, shemeji alimpiga kwa rungu la mbao, akapasuka juu ya jicho. Kovu lake lilikata nyusi ya kushoto vipande viwili, likapinda kuelekea sikioni kama ndoana. Alitoroka na mtoto, akabadilisha jina. Yule mwanamume alikuwa bado anawatafuta.

Nikamwomba nichore hadithi yake. Alimaliza kwanza kuchonga penseli yake.

"Chora," akasema mwishowe. "Watu wajue. Lakini sura yangu, hapana. Na hii kovu, dada, hapana kabisa."

"Naapa," nikamwambia.

Niliapa! Chini ya paa la kanisa!

Kwanza nilichora uso wa kubuni. Ukatoka bapa kama sahani. Nikachora mwingine, na mwingine. Halafu alasiri moja, kibandani hakuna wateja, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Penseli laini, kisha wino, kisha unga wa mkaa kama alivyonifundisha. Nilikuwa nimebaki na karatasi moja tu ya vitone, ile unayobandika na kuikata kwa wembe upate kivuli cha kijivu. Nikaimaliza kwenye uso ule. Kovu nikaliinua kwa ufutio laini wa kukanda, nikalipitia kwa kalamu nyeupe.

Alikuwa Achol. Ilibaki kupumua tu.

Nikajidanganya: nani atamjua? Si ni katuni tu? Nikaiweka Facebook.

Sifa zikamiminika. Kati yao kulikuwa na mtu asiye na picha. Akaandika: "Kazi nzuri. Kivuli hiki umetumia nini?" Nikamjibu kwa furaha, mkaa wa mathenge. Akauliza nibu ni ya aina gani. Nikamjibu. Akaandika: "Kovu limekaa kama la kweli. Ni la nani?"

Nilishuku kidogo. Nawaambia ukweli, nilishuku. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo kuhusu kazi yangu. Nikaandika: "La rafiki yangu, mchoraji kunishinda. Anauza chai Kalobeyei."

Kwa vidole vyangu mwenyewe!

Akajibu: "Asante." Kesho yake maneno yake yote yalikuwa yamefutwa, na yeye hayupo.

Nikasikia baridi, katika jua la Lodwar. Nikaiondoa picha. Lakini sikumpigia Achol, kwa sababu kumpigia ni kukiri kwamba nimevunja kiapo. Nikasema moyoni, huenda si kitu. Jumamosi ilipofika tulikaa benchi moja, goti lake limegusa langu, anacheka. Akaniuliza, "Ile hadithi yangu iko wapi?"

"Bado sijamaliza," nikamwambia.

Jumanne, saa sita mchana, simu ikalia. Hakusema ejok, salamu yetu ya Kiturkana, hakuuliza hali.

"Dada, ulichora?"

Nikaita jina lake tu.

"Nilienda kuchota maji. Mtu alikuja, akaambia mtoto yeye ni baba mdogo, akampa biskuti. Jirani ameona wamepanda bodaboda. Ameacha karatasi hapa chini ya kikombe. Ni mchoro wa sura yangu." Akavuta pumzi. "Hii kivuli ni mimi nilikufundisha."

Nilifika Kakuma jioni hiyo. Tulienda polisi, tukaenda ofisi za kambi, tukaandika maelezo, nikaonyesha simu yangu, nikasema kila kitu. Waliahidi kutafuta. Siku ya tatu hakukuwa na habari yoyote.

Achol hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alikunja nguo mbili, akampa jirani sufuria za chai.

"Usiende," nikalia. "Atakuua."

"Mtoto hawezi kukaa huko peke yake," akasema. Akapanda gari la kuelekea mpakani bila kunitazama.

Baada ya wiki mbili ulikuja ujumbe mmoja: "Nimemkuta. Tuko kwa boma yake. Usipige simu." Tangu hapo namba haipatikani. Mimi ndiye niliyemrudisha mikononi mwa mtu aliyemkimbia.

Ukumbini sitakiwi tena. Wachoraji wenzangu walipojua, mmoja alinirudishia penseli nilizomwazima, akaziweka chini mlangoni, hakutaka kugusa mkono wangu. Ana haki.

Ewe unayechora, nakusihi! Mtu akikwambia ficha uso wangu, uchoraji wako uwe mbaya, uwe sahani, lakini ufiche. Na mgeni anayekusifu akianza kuuliza habari za mtu uliyemchora, funga mdomo.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa kalamu. Tangu mtu yule aniandikie "asante" mpaka mtoto achukuliwe zilipita siku tisa. Achol alikaa kando yangu Jumamosi ile. Angemchukua binti yake waondoke jioni ileile. Mkikosa, semeni siku hiyohiyo, hata kama mtachukiwa. Mimi niliogopa kuchukiwa.