Kulia ama Kushoto: Mwanga Uliogeuka Nyuma ya Mawingu

Sifa zote ni za Mungu, aliyeiweka mianga angani na kunipa macho ya kuitazama hadi uzeeni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa katika kituo kidogo cha darubini, mlimani karibu na Nakuru. Siku ya kwanza Mkuu wa Kituo, Sikh mzaliwa wa mjini, alinikabidhi kioo cha chujio.

"Mwanga ni mawimbi," akasema. "Ya nyota nyingi hutikisika kila upande. Ya galaksi zingine, makundi makubwa ya nyota yenye kiini kinachowaka, huegemea upande mmoja. Zungusha chujio, uniambie ni upande gani."

Tulipima kwanza nyota isiyo na mwegemeo, kuhakikisha chombo hakidanganyi, ndipo tukageukia galaksi moja tuliyoifuatilia kila msimu.

Msimu mmoja galaksi hiyo iliwaka ghafla. Kadiri ilivyong'aa zaidi, ndivyo mwegemeo ulivyofifia. Tulifuta vioo, tukapima tena nyota. Chombo kilikuwa sawa. Sikuelewa, na Mkuu hakuelewa. Kisha mvua ikafunga anga. Mawingu yalipoondoka, mwegemeo uliokuwa umelala mashariki kwa magharibi ulikuwa umesimama kaskazini kwa kusini.

Wafadhili wa kituo walitaka jibu: mwanga umegeukia wapi? Bila jibu, kituo kingefungwa.

"Josephat, kulia ama kushoto?" Mkuu akaniuliza.

"Bwana Mkuu, mwegemeo ni kama rula mezani, haina kichwa wala mkia. Ukiizungusha robo duara kulia ama kushoto, inafika palepale."

"Wewe mtoto wa mfanyakazi wa reli! Treni itoke Nakuru, uikute Naivasha, useme hujui ilipopita?"

"Hiyo iko na reli, Bwana. Hii haina."

Akacheka.

"Mimi niko na watoto," nikasema. "Tuseme kulia."

"Mimi pia niko nao. Lakini nikikuuliza kesho, si utasema kushoto?"

Tukawapelekea wafadhili neno kwamba hatujui, na kituo kikafungwa.

Nilipata kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke unaozalisha umeme. Pale kila kipimo kilikuwa na mshale mmoja, nami niliusoma kwa shukrani mpaka nikastaafu, nikajenga nyumba Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru. Wajukuu huniuliza mwanga ule uligeukia wapi. Nawaambia sijui, na kila jioni nasali kwa moyo mweupe kwa sababu hiyo.

Wewe unayesoma, Mungu akupe riziki ya halali, na usiku usio na mawingu.