Baharia Aliyeulizia Binti Yake

Wiki iliyopita jirani yetu wa zamani, mama mmoja msusi, aliingia kwenye duka la simu ninakofanya kazi hapa katikati ya Durban, akaniwekea simu yake mezani. Hakutaka kioo wala chaja. Alitaka nimtafutie mechi. Binti yake anachezea timu ya wanawake ya Ufilipino, na siku hiyo wakishinda wangefuzu kwenda Kombe la Asia. Kule jua lilikuwa limeshazama. Kwetu ilikuwa saa saba mchana. Nilimvutia kiti, nikaegemeza simu kwenye boksi la makava, tukatazama pamoja.

Binti aliingizwa dakika ishirini za mwisho, beki wa kushoto. Filimbi ilipolia wakiwa mbele kwa bao moja, mama alijifunika uso kwa kitenge akalia. Nilimshika bega, nikampongeza, na ndani yangu nilikuwa nawaka. Nakuambia wewe kwa sababu tumefahamiana muda mrefu. Wivu ule haukuanza dukani. Ulianza mimi na binti huyo tukiwa na miaka tisa.

Tulikuwa tunakaa Clairwood, mtaa wa hapa hapa Durban, kwenye vyumba vya nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mhindi, mjane. Familia nne, bomba moja uani. Malori ya kontena yalipita tangu alfajiri, vikombe vikitetemeka kabatini, na vumbi lao likatua kwenye nguo tulizoanika, tukazikung'uta na kuzirudisha kambani. Jumamosi asubuhi ua mzima ulinukia sombe ya mama yangu, mboga ya majani ya muhogo, na bizari ya bibi mwenye nyumba, na kutoka chumba cha jirani ilikuja harufu ya nywele za bandia zinazochovywa kwenye maji ya moto. Kazi yangu ilikuwa masufuria. Kazi ya binti wa jirani ilikuwa kufagia nywele. Tukimaliza tulikimbilia kiwanja kilichokuwa kando ya maegesho ya malori, tukacheza hadi madereva watupigie honi tuwapishe.

Nilikuwa namzidi. Muulize yeyote wa ua ule. Yeye alikuwa na mguu wa kushoto tu. Mimi nilikuwa na yote miwili, na mbio juu yake. Lakini mpira ulikuwa wake, kwa sababu baba yake alikuwa baharia.

Mfilipino, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Meli yake ilifika bandarini mara moja au mbili kwa mwaka, naye alishuka kwenye taxi pale kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, akaja kwa miguu na mfuko wake. Kiswahili alijua maneno matatu: jambo, mama, chakula. Watoto wa shuleni walimcheka binti kwa macho yake, wakasema baba yake ni wa kuazima. Mimi sikucheka. Mimi niliona kwamba kila alipokuja alikaa kutwa nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama binti yake akicheza. Baba yangu tulikuwa naye kila siku ya Mungu. Alilinda maghala huko Mobeni zamu ya usiku, mchana akalala, na hakuwahi kuniona nikipiga mpira hata mara moja. "Baba yenu iko mchovu, mumuache," mama alizoea kusema. Tukamwacha.

Mwaka tuliofikisha kumi na mmoja, jirani msusi aliibiwa simu kwenye taxi, na namba zote zikaenda nayo, ya baharia pia. Jumamosi moja baada ya hapo nilikuwa bombani na masufuria, baharia akasimama getini. Chumba cha jirani kilikuwa na kufuli. Walikuwa wameenda mazoezi ya kwaya, wasingekawia kurudi. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha polepole, wako wapi.

Nikamwambia wamehama. Wako Joburg.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka, na lilipokwisha kutoka sikulirudisha. Akauliza Joburg sehemu gani. Nikasema sijui. Akasimama kidogo akitazama kile kiwanja, akanishukuru, akaondoka na mfuko wake. Niliendelea kusugua sufuria ile ile hadi majirani waliporudi, bado wanaimba.

Miaka miwili hakuja. Rafiki yangu alikuwa akipanda juu ya tangi la maji kutazama kreni za bandari, nami nikisimama chini nikimwambia ateremke tucheze. Mwishowe mama yake akaenda kwenye kanisa dogo la mabaharia kule bandarini, akaacha ujumbe, na ujumbe ukapokezanwa melini hadi ukamfikia. Akaja. Mwaka uliofuata akamtengenezea binti yake karatasi, akampeleka kwao Ufilipino kwa bibi yake, akasome.

Mwaka huo huo kocha wa shule alinichagua timu ya wasichana ya mkoa. Alinijia darasani mwenyewe, akasema nilete cheti cha kuzaliwa. Sisi tulikuwa wakimbizi; badala ya cheti nyumbani tulikuwa na karatasi ya ukimbizi, nayo muda wake ulikuwa umekwisha. Mama alipanga foleni asubuhi nyingi kuiongeza muda. Ilipopatikana, timu ilikuwa imeshakwenda na kurudi. Sikugusa mpira tena.

Basi siku ile dukani, simu ya mama iliita kwa video. Alikuwa binti. Waliongea, wakalia, kisha mama akanipa simu. Nilitoka nayo nje, mbali na wateja. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na wenzake walikuwa wakiimba nyuma yake. Nilimpongeza, halafu nikasikia mdomo wangu unasema jambo jingine.

"Siku ile baba yako alikuja akawakosa, ni mimi nilimwambia mmehama."

"Najua, yaya," akasema. Huniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa namzidi miezi mitano. "Aliniambia siku aliporudi. Msichana wa masufuria."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, mwaka mzima tuliobaki pamoja.

"Mama angenikataza kucheza na wewe. Na pale uani, iko nani mwingine?"

Wenzake wakamvuta, simu ikakatika.

Jumapili nilipita Clairwood. Bibi mwenye nyumba alishafariki, watoto wake wakauza, vyumba vikabomolewa. Ua na kiwanja sasa ni saruji moja, na makontena yamepangwa juu yake. Mlinzi aliniuliza natafuta nini, nikageuka nikaondoka.

Ningependa kukuambia kwamba wivu umekwisha. Haujakwisha. Kombe likianza nitamtafutia mama yake mechi zote, na kila binti atakapogusa mpira, nitajua mimi ningeupeleka wapi.