Jani la Isale

Juzi nilikwenda kumchukua mjukuu wangu chekechea kule Pasua, nikakuta mwalimu akiwapatanisha watoto wawili: "Haya, mpe mwenzio mkono." Nikacheka peke yangu.

Sisi utotoni kule Mwika tulishinda na mlezi wetu, Mama Eliamini, nyuma ya kanisa, mama zetu wakiwa kwenye kahawa. Hewa yote ilinuka maganda ya kahawa yaliyolowa. Mchana mmoja tulikaa duara tukiimba na kugonga makopo, mwenzangu Ndeshi akanifinya, nikalia. Mama Eliamini akachuma jani la isale kwenye ua wa mimea hiyo, akampa Ndeshi. "Mpelekee, umwombe msamaha." Nikalipokea, refu, la baridi, linang'aa, wenzangu wakinitazama kwa wivu.

Leo najua kwamba kwetu jani hilo humaliza hata ugomvi wa mashamba, na hakuna anayelikataa. Siku ile tulidhani ni mchezo mpya. Duara zima likaanza kufinyana na kuchumiana majani, na aliyesahauliwa akalia, "Nifinye na mimi!" Mama Eliamini alicheka hadi akashika mbavu, ua ukibaki vijiti.

Mama alipokuja na kuona majani yamenijaa mikononi, alishtuka. "Nani amekukosea hivi?"

"Wote, mama!" nilijibu nikirukaruka. "Na kesho tena!"