Jiko la Mukarugwiza Lina Kuku

Umande bado haujakauka kijijini Kanzenze. Laurence Gatesi anasimama nje ya ua, anabisha hodi na kungoja. Hatupi jicho upande wa jikoni. Anasifu migomba, anamjulia hali mwenyeji, na akishakaribishwa anaketi mkekani, anavuta ungo na kuanza kuchambua maharage naye.

"Naanza kuuliza mikono ikiwa kazini," anasema. "Mtu hasemi vizuri ukimkodolea macho."

Hiyo ndiyo kazi yake mwaka huu wa 1999: kuzungumza na wanawake wa Gisenyi na vijiji vyake kwa niaba ya mradi unaobuni majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo. Hana maswali ya ndiyo na hapana. Humwomba mtu amsimulie jana yake: kuni zilitoka wapi, nani aliwasha moto, nini kilimchosha. Kisha hunyamaza.

Kunyamaza alijifunza kwa shida. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, katika familia ya wakimbizi, akarudi Rwanda baada ya vita. Kule, jirani kuuliza "Leo mmepika nini?" ni kama salamu. Hapa, chungu cha mtu ni siri yake. Wiki ya kwanza Gatesi aliuliza hivyo nyumba kwa nyumba, tena akanyoosha mkono kufunua sufuria. Milango ikafungwa, kwa adabu lakini ikafungwa.

"Nilidhani hawanipendi," anasema akicheka. "Jirani yangu Xavérine ndiye aliyeniambia, 'Dada, huku hatufunui sufuria ya mtu, hata ya ndugu.' Hakunisema mbele za watu. Alingoja tubaki wawili."

Akabadilika, na milango ikafunguka. Lakini kila nyumba iliyopewa jiko la majaribio ikawa na jibu moja: jiko ni zuri, asanteni. Na huko Nyamyumba mfinyanzi Mbonigaba alikuwa akingoja neno lake tu ili atengeneze mamia ya majiko mengine kwa kalibu ile ile.

Ndipo alipofika kwa Mukarugwiza, bibi anayelea watoto walioachwa na ndugu zake. Zamani aliuza viazi Goma, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Ile jiko iko muzuri, mama," alisema. "Mungu abariki bale batu."

Nyuma yake sufuria ilichemka juu ya mafiga matatu. Ndani ya jiko jipya, kuku alikuwa akiatamia mayai.

 Gatesi alichambua maharage hadi ungo ukakaribia kuwa mtupu. "Na kuku, mukecuru," akauliza, kwa neno la heshima wanaloitwa akina bibi, "anaendeleaje?"

Mukarugwiza aligeuka, akajiziba mdomo. Wakacheka wote wawili mpaka kuku akalalamika.

"Bon, mi nitasema. Batoto iko mingi, sufuria iko mukubwa, na kale kajiko iko na mudomo mudogo. Nilitia sufuria, ikaanguka, maharage ya moto ikamumwagikia Keza ku muguu." Akamwita mjukuu wake Keza, akaonyesha kidonda kilichoanza kupona. "Lakini zawadi ya mutu, utasema ni mubaya? Si batatuondoa ku mradi? Kesho batakuletea nini tena?"

Gatesi alimwahidi kuifikisha habari bila jina. Gazeti hili lilipofika, bibi mwenyewe alisema, "Sasa andika jina yangu. Na kuku andika."

Siku ile ile Gatesi alishuka Nyamyumba. Aimable, anayechora majiko hayo, alimsikiliza hadi mwisho, akauliza upana wa sufuria, kisha akamwomba Mbonigaba asikande udongo kwanza. Kabla hawajaagana alimpa Gatesi dawa ya kuungua ampelekee Keza.

Sasa jiko jingine, lenye kitako kipana na mdomo mkubwa, linakauka kivulini kabla ya kuchomwa. Gatesi anataka la kwanza alipeleke yeye kwa Mukarugwiza, ila bibi ameomba wasubiri vifaranga vitotolewe.

"Sitamuuliza kama analipenda," anasema Gatesi, akipepeta makapi. "Nitachambua maharage yake, niangalie kuku anaatamia wapi. Nikimkuta ndani ya jiko tena, basi tutarudi kwenye udongo."